Pikipiki Itokayo kwa Fundi na Itoke Imenyooka

Katika miaka hii pikipiki imebadili maisha ya watu wa milima ya Uluguru kuliko chombo kingine chochote. Zamani mikungu ya ndizi ya Kinole na Tegetero ilishuka vichwani mwa watu, na kabichi, njegere na viazi vya Mgeta vilisubiri lori ambalo siku za masika halikuonekana. Leo kijana mwenye pikipiki hupanda hadi mahali ambapo gari haliwezi kufika, hufunga mzigo wake kwa mpira, akashuka nao hadi barabara kuu au sokoni Morogoro. Pikipiki hiyo hiyo humbeba mwalimu kwenda shuleni, na usiku wa manane humteremsha mama mjamzito kutoka kijijini hadi zahanati. Serikali yenyewe iliutambua usafiri huu, na mwaka 2010 zikatolewa kanuni za leseni za kubeba abiria kwa pikipiki na bajaji.

Kwa kuwa tumekabidhi roho zetu na riziki zetu kwa chombo hiki, hatuna budi kuzungumzia jambo moja ambalo wengi wetu huliona dogo. Nalo ni hili: pikipiki inapelekwa kwa fundi ikiwa na ugonjwa mmoja, inarudi ikiwa na ugonjwa mwingine. Imekwenda kuzibwa pancha ya gurudumu la mbele, au kubadilishwa mafuta ya shokapu, au kurekebishwa baada ya kuanguka, nayo imetoka ikiwa imekwenda upande. Mwendeshaji akinyoosha gurudumu, usukani unatazama kushoto. Akinyoosha usukani, pikipiki inaelekea mtaroni. Akirudi kulalamika huambiwa, “Utazoea tu.” Naye kweli huzoea. Katika kuzoea huko ndimo hatari ilimojificha.

Yafaa tuanze kwa kueleza ubovu huu ni kitu gani, maana asiyejua maradhi hawezi kudai dawa.

Sehemu ya mbele ya pikipiki imeshikwa na mabomba mawili ya shokapu. Mabomba hayo yamebanwa na vishikizo viwili, kimoja juu na kingine chini, na vishikizo hivyo vimeunganishwa na mhimili unaozunguka ndani ya kichwa cha fremu juu ya gololi. Huko chini mabomba yanashika ekseli, na ekseli inashika gurudumu. Mpango huu si mgeni duniani. Kampuni ya BMW ya Ujerumani iliweka shokapu za namna hii, zenye mafuta ndani, katika pikipiki yake ya R12 mwaka 1935, na tangu wakati huo karibu ulimwengu mzima umeufuata. Uzuri wake ni kwamba gurudumu hupanda na kushuka bila kupoteza njia yake. Udhaifu wake ni kwamba unategemea boliti chache tu zilizobana mabomba laini. Pikipiki ikianguka, au ikigonga jiwe kwa pembeni, mabomba huweza kuteleza kidogo ndani ya vishikizo vyake, moja likatangulia mbele na jingine likabaki nyuma.

Hapa ndipo inapobidi kutofautisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna shokapu zilizopishana, na kuna shokapu zilizopinda. Zilizopishana hazijavunjika wala kuharibika. Zimehama tu kutoka mahali pake, na kwa kawaida kuzirudisha hakuhitaji spea yoyote. Zilizopinda ni habari nyingine kabisa. Hapo chuma chenyewe kimekunjika, na hakuna kukaza wala kulegeza boliti kutakakokinyoosha. Fundi asiyepima hawezi kujua yupi kati ya wagonjwa hawa wawili amelazwa mbele yake. Kwa hiyo huwapa wote dawa moja, yaani huliweka gurudumu la mbele katikati ya magoti, akaushika usukani kwa mikono miwili, akauvuta kwa nguvu mpaka macho yake yaridhike.

Hatusemi kwamba njia hiyo haina kazi. Mtu aliyeanguka porini, mbali na kijiji, anaweza kuitumia ili afike nyumbani. Lakini gereji si porini. Mabomba yaliyovutwa bila kwanza kulegezwa boliti zake hubaki yamekakamaa, yakivutana yenyewe kwa yenyewe, na shimo kubwa la kwanza njiani huyarudisha upande ule ule. Mwenye pikipiki husema fundi hafai, naye fundi husema barabara ni mbaya.

Njia iliyo sahihi haina siri. Pikipiki isimamishwe imara. Nati ya ekseli ilegezwe, boliti za madigadi zilegezwe, kisha zilegezwe na zile za vishikizo vya chini na vya juu, kiasi cha kuruhusu mabomba kuzunguka bila kuchomoka. Fundi ahakikishe kwamba vichwa vya mabomba yote mawili viko kimo kimoja katika kishikizo cha juu, kwa sababu moja likizidi jingine hata kidogo, ekseli hulala mshazari. Kisha aunyooshe usukani na gurudumu, akaze nati ya ekseli, ashike breki ya mbele, na kuisukuma pikipiki chini mara kadhaa ili shokapu zitafute zenyewe mahali pake pa asili. Baada ya hapo ndipo akaze boliti zilizobaki, kwa zamu na kwa kipimo, asianze kukaza kwa nguvu zake zote upande mmoja kabla ya kugusa wa pili.

Na kupima je? Wapo watakaosema kwamba vipimo ni mambo ya viwanda vikubwa vya Dar es Salaam. Sivyo. Kipande cha kioo kipana cha dirisha, kilichonyooka, kinatosha. Gurudumu na madigadi vikiisha kutolewa, kioo kinalazwa juu ya mabomba mawili kwa pamoja. Kikigusa sawasawa pande zote, mabomba yako sambamba. Kikitikisika kama meza yenye mguu mfupi, yamepishana au yamepinda. Bomba linaloshukiwa kupinda huchomolewa na kuvingirishwa juu ya kioo hicho hicho, na ekseli vivyo hivyo. Kilichopinda kitaruka-ruka mbele ya macho ya wote, mwenye pikipiki akiwamo. Hakuna mashine hapo, wala umeme.

Kwa bomba lililopinda tunapenda kutoa onyo kali. Imekuwa desturi katika baadhi ya gereji kulipasha bomba moto wa gesi mpaka liwe jekundu, kisha kulinyoosha kwa nyundo. Chuma cha shokapu kilipewa ugumu wake kiwandani kwa kipimo maalumu cha joto, na uso wake ukang’arishwa ili usikwaruze mpira unaozuia mafuta. Moto wa gereji huondoa ugumu ule na kuuharibu uso ule. Bomba litaonekana limenyooka, lakini litakuwa limekuwa laini, na siku moja litakunjika tena au kukatika, yaelekea pikipiki ikiwa na mzigo na ikishuka mlima. Bomba lililopinda vibaya libadilishwe. Gharama yake ni kubwa kwa mwananchi wa kawaida, twajua, lakini haifikii gharama ya mguu.

Liko pia kosa la tatu ambalo halihusiani na ajali hata kidogo, nalo huzaliwa ndani ya gereji yenyewe. Pikipiki nyingi zinazobeba abiria na mizigo mkoani kwetu zina breki ya mbele ya ngoma. Sahani inayobeba breki hiyo ina mfuo, na mfuo huo sharti ukae juu ya kidole cha chuma kilichotokeza kwenye shokapu. Kidole hicho ndicho kinachoizuia sahani isizunguke pamoja na gurudumu. Fundi mwenye haraka, aliyetoa gurudumu ili azibe pancha, anaweza kulirudisha bila kuuingiza mfuo mahali pake. Ekseli itaingia, nati itakaza, na pikipiki itaondoka. Lakini siku mwendeshaji atakapobana breki kwa nguvu, sahani itazunguka, itakata waya na fimbo yake, na huenda gurudumu likakwama ghafla. Pancha iliyozibwa kwa bei ndogo itakuwa imeuza maisha ya watu wawili. Kuliangalia jambo hili kwa jicho huchukua muda mfupi kuliko kufunga kamba ya kiatu.

Halafu kuna gololi za stelingi. Zikikazwa kupita kiasi, usukani huwa mzito, na pikipiki hutangatanga kama mlevi katika mwendo mdogo, kwa sababu haiwezi kujirekebisha yenyewe. Zikilegea, mwendeshaji husikia kichwa cha fremu kikigonga kila anapofunga breki, na katika mwendo wa kasi usukani huanza kutetemeka mikononi mwake. Zikishachimba vishimo katika vikombe vyake, usukani hupenda kusimama mahali pamoja, kama mlango wenye kufuli hafifu. Mengi ya malalamiko ya “usukani umepinda” kumbe ni malalamiko ya gololi.

Na mara nyingine sehemu ya mbele haina kosa lolote, bali imesingiziwa. Gurudumu la nyuma likikazwa likiwa limekwenda upande wakati wa kurekebisha mnyororo, pikipiki yote hutembea ubavu kama kaa wa pwani, na mwendeshaji hulazimika kuupinda usukani ili aende moja kwa moja. Alama zilizochongwa karibu na nati za nyuma husaidia, lakini si za kuaminiwa daima. Uzi ndio shahidi mkweli. Ufungwe nyuma ya tairi la nyuma na kuvutwa mbele pande zote mbili, ukiligusa tairi hilo mwanzo na mwisho, na usizuiwe na stendi wala bomba la moshi. Kwa kuwa tairi la nyuma huwa pana kidogo kuliko la mbele, patabaki nafasi ndogo kila upande wa gurudumu la mbele. Nafasi hizo zikilingana, magurudumu yamefuatana. Zisipolingana, aliyepinda atajulikana.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tunalisisitiza jambo hili Morogoro, ilhali pikipiki ziko kila mahali nchini. Jibu liko machoni petu kila tunapoitazama milima. Mji wa Morogoro uko kwenye kimo cha mita zipatazo 500 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Kimhandu kinapita mita 2,600. Vijiji vingi vyenye mazao vimening’inia kati ya vimo hivyo viwili. Anayetoka Nyandira au Langali kupitia Mlali, au anayetoka Matombo na Mkuyuni kupitia Bigwa, hushuka na kona zisizohesabika, katika njia ambayo mvua imeichimba mifereji. Katika kupanda, mzigo uliofungwa nyuma huinyanyua sehemu ya mbele hata gurudumu likakosa mshiko. Katika kushuka mambo hugeuka: uzito wote huegemea mbele, na breki ya mbele, ambayo kwa kawaida ndiyo yenye nguvu kubwa zaidi ya kusimamisha, hubebeshwa kazi isiyo na mapumziko. Huko tambarare, katika barabara ya lami, shokapu zilizopishana huchosha mabega. Mlimani hazisamehe. Dereva wa gari lenye magurudumu yaliyokwenda upande hula tairi zake kabla ya wakati. Mwenye pikipiki hana magurudumu mengine mawili ya kumshika.

Tena mazoea yanadanganya. Kijana aliyezoea usukani uliokwenda kushoto huendesha vizuri siku zote za kawaida, maana akili yake imejifunza kusahihisha. Lakini mtoto akitokea ghafla barabarani, mikono hurudi kwenye silika, nayo silika huunyoosha usukani. Kwa pikipiki ile, kuunyoosha usukani ni kukata kona.

Je, kosa ni la nani? Ni rahisi kuwarundikia mafundi lawama zote, na wapo wanaostahili. Lakini tukitaka haki tutazame mnyororo mzima. Vijana wengi wanaoendesha pikipiki si wenye mali. Kila jioni hupeleka hesabu kwa tajiri, au wako katika mkataba wa kulipa kidogo kidogo mpaka chombo kiwe chao. Siku ambayo pikipiki imelala gereji, hesabu haikulala. Kwa hiyo kijana humsimamia fundi kichwani akimwambia, “Fanya haraka, nina abiria.” Fundi naye hulipwa kwa kazi iliyotajwa tu, akitumia nusu saa kupima kitu ambacho hakuna aliyemwambia apime, nusu saa hiyo ni sadaka. Mwenye mali yuko nyumbani kwake, haoni usukani, huona hesabu. Hivyo pikipiki hupita mikononi mwa watu watatu, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye kunyooka kwake ni jukumu lake. Anayelipa mwisho wa yote ni wa nne, yaani abiria aliyekaa nyuma, ambaye hakuulizwa.

Kwa maoni yetu dawa ianzie papo hapo gerejini. Tunawaomba mafundi wetu wa Msamvu, Mji Mpya, Kihonda na kwingineko wajiwekee sharti moja: pikipiki ambayo gurudumu lake la mbele limeguswa isikabidhiwe mpaka mambo manne yameangaliwa mbele ya mwenyewe. Kwanza, gurudumu na usukani vimenyooka pamoja. Pili, sahani ya breki imekaa kwenye kidole chake. Tatu, ekseli na boliti za vishikizo zimekazwa. Nne, usukani unazunguka kwa wepesi pande zote bila kugonga. Kisha fundi mwenyewe aiendeshe kwa mwendo wa taratibu mahali pa wazi kabla ya kupokea fedha yake. Fundi atakayefanya hivyo hatapoteza wateja. Atapata jina, na jina la fundi ndilo duka lake.

Wenye mali nao wanapaswa kufahamu kwamba siku ya matengenezo ni sehemu ya biashara. Tajiri anayesamehe hesabu ya siku moja ili chombo chake kitengenezwe vyema hajatoa zawadi, amelinda mtaji. Na waendeshaji wasione haya kukataa. Pikipiki isiyonyooka ikikataliwa mlangoni mwa gereji, fundi atainyoosha. Ikipokelewa kwa kunung’unika, imekwisha kuwa mali ya barabara. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haimpi dereva ruhusa ya kuingiza chombo kibovu barabarani kwa hoja kwamba kilitoka kwa fundi jana.

Viko vyombo vya umma pia vyenye nafasi ya kusaidia. Morogoro ni mji wa elimu, na kule Kihonda ndiko kiliko chuo kinachowafundisha walimu wa ufundi stadi. VETA inao utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazi mitaani, bila kuwalazimisha kuanza upya darasani. Mafundi wengi wa pikipiki ni watu wa aina hiyo hasa: mikono yao ina akili, lakini hapana aliyewaonyesha kioo na uzi. Halmashauri zetu na vyama vya waendesha bodaboda wangeweza kuwapeleka kwa makundi, na walimu wa ufundi wangeweza kuwafuata vijiweni na hata huko Matombo na Mgeta, ambako gereji ni kivuli cha mwembe na sanduku moja la spana. Polisi wa usalama barabarani, ambao hukagua kofia ngumu na leseni, wangeweza kuongeza tendo moja tu: kusimama mbele ya pikipiki na kutazama kama usukani na gurudumu vinaelekea upande mmoja.

Tunajua kwamba watakuwapo watakaotuambia kuwa haya ni maneno ya kuongeza gharama kwa maskini. Tunawajibu kwamba karibu yote tuliyoyataja hayanunuliwi. Kioo cha dirisha kimoja hutumika miaka. Uzi ni wa kushonea. Kulegeza boliti na kuzikaza upya ni kazi ya spana zile zile ambazo fundi anazo. Kinachohitajika zaidi ni muda, na muda huo ni mfupi ukilinganishwa na ule ambao majeruhi wa pikipiki huupitisha kitandani katika hospitali yetu ya mkoa, au anapopelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, huku nyumbani shamba likiota majani na watoto wakisubiri.

Masika yanapoingia, njia za Uluguru huteleza, mazao hulazimika kushuka hivyo hivyo, na vijana wetu hushuka nayo. Hatuwezi kuizuia mvua wala kuupunguza mlima. Lakini kabla ya kila safari ya namna hiyo, mwendeshaji anaweza kusimama mbele ya pikipiki yake, akalitazama gurudumu, kisha akautazama usukani. Kama havitazami upande mmoja, airudishe kwa fundi asubuhi hiyo hiyo, naye fundi asimwambie atazoea.